Mgombea atueleze na mambo ya nje



Naomba unipe nafasi kidogo katika safu yako ya barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu wagombea ubunge wa huku vijijini.

Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Urambo. Kila uchaguzi unapofika, ndugu zetu hawa hutujia na hotuba zile zile: barabara, kisima, zahanati, madarasa. Siyapingi hayo, kwani tunayahitaji. Lakini mgombea akiulizwa juu ya mambo ya nchi za nje hucheka, akasema hayo ni ya wakubwa.

Mazoea haya yana asili yake. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa chama kimoja walisimama jukwaa moja, huyu na alama ya jembe, yule na nyumba. Siasa ya nchi ilikwisha pangwa na Chama, hivyo kilichobaki kwa mgombea ni kuonyesha nani atawasemea wananchi vizuri zaidi. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini hotuba hazikubadilika.

Sasa nauliza: mambo ya nje yanaanzia wapi kama si shambani kwangu? Tumbaku yetu huuzwa ng'ambo na bei yake hutajwa kwa dola. Mbolea hutoka ng'ambo. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha bei yake mpaka Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Tena mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti matumizi ya tumbaku, na ndani yake mna kifungu cha kuwasaidia wakulima kupata shughuli nyingine ya kuwapa riziki. Je, mgombea wetu amekisoma? Shughuli yenyewe ni ipi? Asali? Alizeti? Asiseme karanga bila kujieleza, maana Urambo tunazikumbuka karanga za Waingereza. Mpango ule wa mwaka 1947 uliamuliwa London kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, ukaletwa hapa, Kongwa na Nachingwea, na mwaka 1951 ukavunjika.

Majirani zetu wa Ulyankulu nao wanajua habari hizi. Walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na baada ya miaka mingi wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Leo ni wapiga kura. Mgombea atakayewaambia kwamba Burundi haimhusu sijui atawatazama vipi usoni.

Mtemi Mirambo hakuwa na wizara, lakini alijua kwamba biashara ya pembe inayopita Unyanyembe kwenda Bagamoyo ilikuwa na wenyewe Unguja na Ulaya. Aliandikiana barua na balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, akawapokea wamisionari wa London hapa Urambo. Huyo alikufa mwaka 1884, miaka mingi kabla hatujawa na Bunge.

Na Bunge tulilo nalo lina kazi hiyo kwa maandishi. Ibara ya 63 ya Katiba yasema Bunge litajadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ilikuwa Juni 2023 wabunge waliporidhia mkataba wa bandari na Dubai, na bandari ya Dar es Salaam ndiyo mwisho wa reli yetu ya kati. Mbunge wa kijijini hupiga kura katika mambo kama hayo sawa na wa mjini. Basi ni haki yetu kujua mapema atapiga kura upande gani, na kwa sababu gani.

Mimi kwenye mkutano wa kampeni nitaanza na kile kifungu cha tumbaku. Nawaomba wasomaji wa Kaliua, Sikonge na Uyui nao wawaulize wa kwao.

Mkulima,
Urambo, Tabora.