Msituambie Tujiamini, Tufundisheni Kuogelea

Zimebaki wiki tatu na bado naogopa. Nimeamua kuandika sasa kabla siku yenyewe haijafika, kwa sababu najijua. Nikimaliza nitaanza kuwadanganya kwamba haikuwa ngumu. Nisipomaliza nitanyamaza kabisa, na mtafikiri nilipotea.

Kwa wale hawajasikia: tuko watano na tumepanga triathloni yetu wenyewe, ile ya masafa ya nusu. Unaogelea kilomita 1.9, unapanda baiskeli kilomita 90, halafu unakimbia kilomita 21.1, yote siku moja bila kulala katikati. Hakuna kiingilio, hakuna medali, hata tisheti hakuna. Tutaingia majini Majanji, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda. Kutoka hapo ni baiskeli hadi Busia, kisha Tororo, na kilomita zinazopungua tutazijazia kwa kwenda na kurudi barabara hiyo hiyo. Tutakimbia kuelekea Mulanda, tugeuke nusu ya safari, turudi kumalizia chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo.

Njia hii sikuichagua kwa sababu ni nzuri. Januari 2008, baada ya ule uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, mama alituvusha Busia. Nilikuwa na miaka sita. Tulipelekwa Mulanda, tukakaa kwenye turubai, na mwaka huo huo tukahamishiwa Kiryandongo, ambako nimekulia na ambako leo najitolea. Kwa hiyo njia hii nimeshaipita, ila nilipitishwa. Hakuna aliyeniuliza. Safari hii nataka kuipita kwa miguu yangu na kwa kupenda kwangu.

Maneno matamu hayo, eti? Sasa niwaambie ya majini.

Kuogelea nimeanza kujifunza mwaka huu. Nikipata likizo kambini huwa nakuja kwa shangazi Busia, namsaidia kuuza mitumba, na pesa kidogo ninayopata naenda nayo kwenye bwawa la hoteli moja Tororo. Kwenye bwawa nilikuwa sawa. Unaona chini, unaona ukuta, ukichoka unashika. Nikajiona nimeiva.

Jumamosi moja mwezi uliopita tukaenda Majanji kujaribu ziwa lenyewe. Sikufika mbali. Maji ni ya kijani, huoni hata mkono wako, na chini hakuna kitu cha kukanyaga. Kifua kikabana, pumzi ikakatika, nikaanza kupigapiga maji kama kuku. Mzee mmoja mvuvi tuliyekuwa tumemwomba atufuate na mtumbwi akanivuta kwa kola ya jaketi la kuokolea. Nilikaa kwenye mtumbwi natetemeka, nimeona aibu hadi nikataka kulia. Kichwani sauti ilikuwa moja tu: wewe ni mtu wa kupanga foleni ya posho, nani alikudanganya unaweza haya?

Hapo ndipo nilipokumbuka semina zote nilizokaa. Tangu niwe kijana nimehudhuria semina nyingi za kujiamini. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunapewa soda, tunaandika ndoto zetu kwenye karatasi kubwa, tunapiga makofi. Nilijaribu kutumia hayo pale mtumbwini. Nikajiambia ninaweza, ninaweza. Jamani, haikusaidia hata kidogo.

Kilichosaidia ni swali la yule mzee. Aliniuliza, "Kijana, pumzi unaitoa wapi?" Nikamwambia, "Mzee, naitoa nikiinua kichwa." Akacheka. Akaniambia nitoe pumzi yote nikiwa ndani ya maji, polepole, mapovu yatoke, ili nikiinua kichwa kazi iwe moja tu, kuvuta. Kumbe nilikuwa naifungia pumzi chafu kifuani, halafu najaribu kuongeza nyingine juu yake. Mwili unaona hauna hewa, unaingiwa na kiwewe, nami nasema ni roho yangu dhaifu. Haikuwa roho. Lilikuwa kosa la kupumua, na kosa la kupumua linafundishika.

Nikarudi majini siku hiyo hiyo, karibu na ukingo. Nilihesabu mikono ishirini, nikasimama. Ishirini tena, nikasimama. Hofu haikuondoka, lakini ilipata kazi ya kufanya, ikawa inahesabu pamoja nami.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tunaambiwa kujiamini kwanza, kufanya baadaye. Mimi naona ni kinyume. Unafanya kidogo huku unaogopa, unarudia, na kujiamini kunakuja nyuma kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Ukimsubiri atangulie, hamtafika.

Angalieni wale tunaotajiwa kila Siku ya Wakimbizi. Yusra Mardini wa Syria: mwaka 2015 injini ya boti yao ilizima kati ya Uturuki na Ugiriki, yeye na dada yake wakaingia majini na wengine wachache, wakasaidia boti ifike kisiwa cha Lesbos. Tunaambiwa ni moyo wa ushujaa. Ni kweli, lakini baba yake alikuwa kocha wa kuogelea na yeye alikuwa bwawani tangu mtoto. Moyo wake ulikuwa na mazoezi ya miaka ndani yake. Mwaka uliofuata akaogelea Olimpiki ya Rio.

Au chukueni Rose Nathike Lokonyen wa Sudan Kusini, aliyekulia Kakuma. Kwenye majaribio ya kambini alikimbia pekupeku. Mbio alikuwa nazo zamani. Alichokosa ni viatu, kocha na mahali pa kufanyia mazoezi. Alipovipata kwa Tegla Loroupe kule Ngong, mwaka 2016 akabeba bendera ya timu ya wakimbizi Rio, kikosi cha watu 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini. Hakuna kati ya wale 10 aliyerudi na medali. Medali ya kwanza ya timu ya wakimbizi ilipatikana Paris 2024, shaba ya ndondi ya Cindy Ngamba. Miaka minane! Sijui kwa nini semina hazitusimulii hiyo miaka minane ya katikati.

Na hao wenye mchezo pia walianza hivyo hivyo. Triathloni ndefu ya kwanza ilifanyika Hawaii mwaka 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, mbio 42.2. Hawakuwa na uhakika wowote, hakuna mtu aliyekuwa ameshafanya kitu kile. Mwaka 2022 nusu ya umbali huo ilishindaniwa hapa kwetu, Rubavu nchini Rwanda, kwenye Ziwa Kivu. Wenzangu wa Goma wanalijua ziwa lile, ni pale pale ng'ambo.

Najua kuna watakaosema: posho imepunguzwa tena na tena, watu wanalala njaa, na wewe unaogelea? Mama yangu mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, mkimbizi anakimbia mara moja inatosha." Nilicheka lakini iliniuma. Sina jibu kubwa. Triathloni haijazi sufuria, na mazoezi yanaongeza njaa, hilo nakubali. Ila hofu niliyoiona Majanji ninaijua kutoka mahali pengine. Ni ile ile ya dirisha la ofisi, ya usaili wa kazi, ya kijana aliyepata nafasi ya chuo akaacha fomu ikapitwa na tarehe kwa sababu alijiambia si mtu wa huko. Njaa inatuua kwa upande mmoja. Hii nyingine inatuzuia hata kunyoosha mkono pale chakula kipo.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mnatusoma humu, na siwalaumu kwa ubaya. Lakini bei ya semina moja, na soda zake, inaweza kulipa mwalimu wa kuogelea wa miezi kadhaa, majaketi kumi ya kuokolea na mtu wa mtumbwi. Watoto wetu wanaishi karibu na mito na maziwa na wengi hawajui kuelea. Na kama si kuogelea, iwe ufundi, iwe kuendesha gari, iwe kompyuta. Tupeni kitu cha kukosea mara kumi mbele ya mtu anayejua. Kujiamini tutajitafutia wenyewe.

Na kijana mwenzangu, tafadhali, usisome hii ukakimbilia mtoni peke yako. Hofu nyingine ni ya kweli, isikilize. Ziwa Victoria lina mamba na viboko, kwa hiyo waulize wavuvi sehemu salama. Lina kichocho, kwa hiyo baadaye nenda kituo cha afya uwaambie uliingia ziwani. Mtumbwi uwe karibu daima, jaketi livaliwe. Sisi siku ile kila mtu atavuta pia jerikeni tupu lililofungwa kamba kiunoni.

Hesabu yangu ni hii. Mashindano mengi ya umbali huu hufunga baada ya masaa 8 na nusu. Nikiogelea kwa saa moja na dakika 10, nikaenda na baiskeli kilomita 20 kwa saa, nikakimbia dakika 8 kwa kila kilomita, napata masaa 8 na dakika 29. Inabaki dakika moja, na sijavaa viatu bado. Baiskeli yenyewe ni blakimamba ya kuazima ya mwendesha boda boda wa Busia, haina gia hata moja.

Huenda nikachelewa. Huenda nikatolewa majini tena kwa kola. Jumamosi hii narudi Majanji kwa mita 600, na Jumamosi inayofuata, Mungu akipenda, 1,000. Nitawaandikia yote mawili, liwe zuri au baya.

Na wewe, kitu gani umekuwa ukikisubiri hofu iishe ndipo uanze? Andika hapo chini. Andika pia mikono ishirini yako ya kwanza ni ipi.