Semina za walimu ziondoke hotelini



Naomba nafasi kidogo katika ukurasa huu wa wasomaji nipate kutoa dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu likizo iliyopita. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 36, nakaa Kiboriloni, na kila asubuhi napanda barabara ya kwenda Kidia kufika shuleni kwetu. Sijazoea kuandika magazetini. Lakini jambo lenyewe linahusu fedha zinazotolewa kwa jina letu sisi walimu wa vijijini, na naona si haki ninyamaze.

Tulichaguliwa walimu 60 kutoka mikoa mbalimbali kwenda Dar es Salaam kwenye semina ya siku tatu kuhusu ufundishaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili. Waandaaji, ambao sitawataja, walitulaza katika hoteli ya ghorofa nyingi inayotazama bandari. Nilisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, wanangu nikiwa nimewaacha kwa mama mkwe, na mkononi nimeshika hotpoti ya kiburu aliyonifungia yeye mwenyewe akihofia kwamba nitalala njaa mjini. Mlinzi wa mlangoni aliiangalia ile hotpoti, akaniangalia na mimi, kisha akanipisha.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba niliteseka. Nilipewa chumba peke yangu ghorofa ya 14, na kitanda ambacho kwetu wangelala watu wanne wakajigeuza. Mlango unafunguliwa kwa kadi, na taa haziwaki mpaka kadi hiyo uichomeke ukutani. Nilikaa gizani karibu robo saa kabla ya kuligundua hilo. Maji ya moto hayakatiki. Nilioga mara tatu siku ile ya kwanza, na mara ya tatu nikaona haya, maana wanafunzi wangu huja shuleni na madumu ya lita tano kichwani ili tupate maji ya kumwagia vyoo. Asubuhi niliona pantoni ya Kigamboni ikivuka imejaa watu, wadogo kama siafu, nami niko juu nakunywa chai. Ni jambo la kupendeza, nakubali.

Jioni ya pili kijana mmoja aligonga mlango akileta taulo. Nilipofungua alisimama kidogo, kisha akasema, "Shikamoo mwalimu." Nilikuwa nimemfundisha darasa la nne, mtoto wa jirani yetu kule mlimani. Nilifurahi mno. Tulizungumza pale pale mlangoni kwa sababu haruhusiwi kukaa chumbani na mgeni. Akaniambia kwamba mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu na huu ni wa saba. Akauliza tumefuata nini huko. Nilipomjibu kwamba tunajifunza kufundisha watoto kusoma, alicheka kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mbona wewe ulikuwa unajua?"

Swali lile liliniondolea usingizi. Semina yenyewe iliendeshwa kwa Kiingereza toka asubuhi hadi jioni. Tulikuwa tunafundishwa namna ya kumfundisha mtoto wa Kitanzania silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, kwa maandishi ya Kiingereza yaliyomulikwa ukutani. Shule zetu za msingi za Serikali zinafundisha kwa Kiswahili, vitabu vya darasa la kwanza ni vya Kiswahili, na ukumbini hakukuwa na mshiriki hata mmoja asiyekijua. Mwenzetu kutoka Tabora alinyoosha mkono akauliza kwa Kiswahili safi afanye nini na watoto 112 walio katika chumba kimoja. Aliambiwa kwamba swali lake litajibiwa mwishoni. Mwisho ulipofika tulikuwa tumepangwa kwenye ngazi, tunapigwa picha.

Usiku ule nilichukua karatasi yenye nembo ya hoteli nikafanya hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Niliambiwa kwamba chumba kama changu ni shilingi 450,000 kwa usiku mmoja. Walimu 60 kwa siku tatu ni shilingi milioni 81, kabla ya kuhesabu chakula, ukumbi na posho. Fundi wetu wa Kiboriloni hutengeneza dawati la watoto watatu kwa shilingi 90,000. Hayo ni madawati 900. Najua mwenye kuleta wageni wengi hupunguziwa bei. Basi tuseme walipunguziwa nusu nzima. Bado ni madawati 450, na watoto 1,350 wangeinuka sakafuni.

Wapo watakaosema mwalimu huyu ana kinyongo, kwani mwalimu naye si mtu wa kulala pazuri? Wenzangu kadhaa waliniambia hivyo hivyo ndani ya basi tukirudi. Walisema maofisa wamelala hoteli hizo miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyepiga kelele, leo zamu imefika kwa mwalimu ndipo hesabu zinapigwa. Maneno hayo yana uzito na sikuwa na jibu la haraka. Jibu langu la sasa ni hili: kama ni asante kwa mwalimu, waseme ni asante, na waitoe tuipokee kwa mikono miwili. Lakini wasiiandike kwenye vitabu vyao kwamba ni mafunzo.

Nchi hii imewahi kufundisha walimu kwa njia nyingine. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto aingie shule ifikapo Novemba 1977, walimu walikuwa hawatoshi. Wakachukuliwa maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wakifundisha, kwa vipindi vya redio na masomo ya posta, kisha wakamalizia kwa wiki chache chuoni. Hao ndio walimu wa UPE. Walidharauliwa sana, na kweli wengine walikuwa na upungufu, lakini mimi niliyejifunza kusoma kwa mmoja wao siwezi kuwacheka.

Wazee wetu hukumbuka pia Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965. (Mlima uko huku kwetu, jina likaenda pwani.) Mimi sikulala pale, na siku hizi si hoteli ile ya zamani: ilijengwa upya ikafunguliwa tena mwaka 2005 chini ya kampuni ya nje. Ila wazee wanasema wakati ule nchi changa ilitaka mgeni akifika aone kwamba nasi tunaweza kujenga kwenda juu. Sioni ubaya. Hoteli ni ya mgeni na ya biashara, inaleta fedha za kigeni na inawapa ajira vijana kama yule mwanafunzi wangu, ingawa ajira yenyewe ingepaswa kuwa na mkataba wa maana zaidi. Ninachokataa ni kuigeuza chuo cha ualimu.

Mwishoni mwa 2015 hayati Rais John Magufuli alipiga marufuku semina za Serikali katika hoteli za gharama, akataka zitumike kumbi za ofisi za Serikali. Mwaka uliofuata, 2016, ada na michango ilifutwa shuleni, na watoto wakamiminika darasani kuliko uwezo wa madawati. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja utaona kwamba sababu ya marufuku ile bado ipo palepale darasani kwetu. Zaidi ya hayo, tunao mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaomtaka mwalimu ajifunze akiwa shuleni kwake na katika vituo vya walimu. Mpango mzuri. Tatizo ni kwamba kwetu kituo hakina hata wino wa mashine ya kurudufu, wakati semina ya hotelini ina kalamu, mkoba na fulana.

Niliporudi mwalimu mkuu alinitaka niwafundishe wenzangu niliyojifunza. Tulikaa chini ya mti baada ya watoto kuondoka, walimu tisa, nikaeleza yote kwa Kiswahili. Sikuruka kitu. Ilichukua vipindi viwili, dakika 80, na nusu ya muda huo tulikuwa tunajadili swali la yule mwalimu wa Tabora, ambalo mwenzetu mmoja alilijibu vizuri kwa kueleza jinsi anavyowagawa watoto wake kwa mafungu na kuwatumia wanaojua kuwaongoza wasiojua.

Nimesikia semina ya pili inaandaliwa kwa likizo ya Juni. Nawaomba waandaaji waje huku. Chuo cha Ualimu Mandaka kipo, Singachini kipo, na Marangu nilikosoma mimi kipo. Wanachuo wakiwa likizo vitanda ni vitupu na ukumbi uko wazi. Kwa fedha zile zile wataita walimu mia tatu badala ya 60. Mwezi wa sita ni baridi huku mlimani, kwa hiyo waje na masweta. Wali na maharage tutakula pamoja.

Mwalimu wa Kijijini,
Kiboriloni, Moshi.