Tela la Kulala na Mbavu za Feleji

Wako wanaogeuza tela la mizigo kuwa chumba cha kulala safarini, wakajaza povu la polistirini baina ya mbavu za feleji na kuziacha mbavu zenyewe wazi. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa. Feleji hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko povu hilo. Hivyo kila ubavu ni daraja la joto. Usiku wa baridi mvuke wa pumzi hugeuka matone juu yake, nayo huleta kutu na kuvu. Afadhali tabaka jembamba lifunikalo mbavu zote kuliko kuongeza unene baina yake. Matundu ya hewa yasizibwe, wala jiko la mkaa lisiingizwe humo kamwe: kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua. Walimu, fizikia ifundishwe hivi.