Septemba si Wakati wa Kukunja Mshipi
Muungwana aliyeandika kwamba Septemba ikiingia mvuvi wa besi huko Michigan aache chambo kieleacho, kwa kuwa samaki wamekwisha kuzama vilindini, ametazama kalenda akaghafilika na maji. Hewa hupoa upesi. Ziwa, kwa tabia yake, huhifadhi hari majuma mengi, na usiku wa baridi unapoanza kulipoza taratibu, samaki wadogo huingia horini, nao besi huwafuata kwa uchu, wakitafuta mafuta ya kuwavusha kipindi cha barafu. Hapo ndipo nzi bandia wa singa za kulungu, akitupwa kando ya magugu, akaachwa atulie hata viwimbi vikome, kisha akatikiswa kidogo tu, hupokewa kwa kishindo. Naam, maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi hoja yake itasimama; lakini hiyo ni habari ya Novemba, na kuwanyima wasomaji jioni zote za kabla yake ni dhuluma nisiyoweza kuinyamazia.