KAZI ZA MIKONO: Kifuniko cha Kikombe

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kupita Mariakani, Samburu na Taru, hufika Mackinnon Road, mji mdogo wa Kwale ulio katika nchi kavu yenye vumbi jekundu. Mji huo ulipata jina lake kwa barabara iliyoanza kukatwa mwaka 1890 kwa ajili ya Sir William Mackinnon, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo pia. Kando ya reli pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, Mhindi aliyefanya kazi katika ujenzi huo. Husimuliwa kwamba karai lake la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa, na hata leo madereva wengi husimama kuomba dua kabla ya kuendelea na safari.

Mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga hapo bohari kubwa ya vifaa vya jeshi, lakini baada ya miaka michache mpango huo uliachwa. Kisha, Hali ya Hatari ilipokwisha kutangazwa mwaka 1952, pakawekwa kambi ya kizuizini. Mjenzi wa reli, askari wa bohari, mfungwa wa kambini na dereva wa lori wa siku hizi hawafanani kwa mengi, lakini wote wamehitaji kitu kimoja: kikombe cha kunywea, na mahali penye vumbi na nzi namna hiyo, kifuniko cha kukifunika.

Kikombe cha bati hununuliwa dukani kwa urahisi, lakini mara nyingi huuzwa bila kifuniko. Hapo ndipo fundi wa bati apatapo riziki yake. Faida ya kifuniko si kuzuia vumbi tu. Maji yaliyofunikwa huchemka upesi kuliko yaliyo wazi, kwa sababu mvuke hauondoki na joto lake. Katika nchi ambayo miti hukatwa kila siku kwa makaa, kijiti kimoja kisichochomwa si kitu cha kudharau.

Watu wengi hudhani kwamba kifuniko ni kazi ya mtoto: kukata duara na kukunja ukingo. Ajaribuye huona mara moja kuwa sivyo. Tuseme mdomo wa kikombe una upana wa sentimita 8, na ukingo wa kifuniko utashuka sentimita 1. Fundi atachora kwa bikari duara lenye upana wa sentimita 10. Mzunguko wa duara hilo ni kama sentimita 31, lakini ukingo ukiisha kushuka lazima uenee katika mzunguko wa sentimita 25 tu. Je, zile sentimita 6 zitakwenda wapi? Haziwezi kupotea. Ama zitasukumwa ndani ya bati lenyewe, ukingo uwe mnene kidogo, ama zitatokea kama makunyanzi, na kunyanzi likilala juu ya jingine bati hupasuka.

Kwa sababu hiyo fundi hodari huchagua alumini, ambayo ni laini. Huchonga vipande viwili vya mti mgumu, vya mviringo, vyenye upana uliozidi mdomo wa kikombe kwa unywele tu, hulibana duara katikati yake kwa jiliwa, na kuugonga ukingo kwa nyundo ya mti. Nyundo ya chuma haifai, maana hulinyoosha bati badala ya kulikusanya. Hapigi mahali pamoja mpaka pakunjike. Huzunguka duara lote akiinamisha kidogo tu, kisha huzunguka tena. Kunyanzi dogo likitokea hulituliza papo hapo. Wahenga walisema: Bandu bandu humaliza gogo.

Tena alumini ikipigwa sana huwa ngumu. Dawa yake ni moto, lakini moto wa kadiri, kwani alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kionyavyo, na asiyejua huishtukia imekwisha kuanguka. Mafundi hupaka sabuni juu yake na kuipasha pole pole. Sabuni ikigeuka rangi na kuwa ya kahawia iliyoiva, inatosha. Huiacha ipoe, nayo huwa laini tena. Mwisho ukingo husuguliwa kwa tupa usikate mdomo wa mtu, kishikio hutiwa kwa ribiti, na tundu dogo hutobolewa ili mvuke upite.

Wako mafundi watumiao bati la debe. Hilo halikubali kukusanywa kwa urahisi, basi wao hukata duara na utepe mbalimbali, na kuviunga kwa kukunja au kwa kulehemu. Kazi hiyo ni nzuri, lakini hapa pana hatari inayotakiwa kusemwa wazi. Lehemu nyingi ina risasi ndani yake, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto, ambao hudhuru akili zao kabla ya dalili yoyote kuonekana. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mvuke wa chai hugusa kifuniko, na matone yake hurudi kikombeni.

Hatari ya pili ni asili ya bati lenyewe. Kopo lililokuwa na dawa ya kuua wadudu wa shamba haliwi safi kwa kuoshwa wala kwa kuchomwa. Mabati ya nyumba nayo yamepakwa zinki, ambayo huingia katika kinywaji kikali kama maji ya ndimu, na moshi wake bati likichomwa humpa fundi homa. Fundi aokotaye kopo asilolijua huokoa shilingi chache, lakini mnunuzi hana njia ya kutambua. Yeye humwamini fundi tu, na imani hiyo ndiyo mtaji wa duka lisilo na ukuta.

Kazi hizi zilidharauliwa zamani. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilionyesha kwamba mafundi wadogo wasioandikishwa popote wanaajiri watu na kutengeneza vitu vyenye manufaa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifanya kazi juani, akaamuru wajengewe vibanda. Jina la jua kali likawa jina la heshima.

Heshima hiyo hailindwi na kibanda. Kijana atakaye kujifunza kazi hii na aanze kwa kuuliza bati limetoka wapi, apime kabla ya kukata, na agonge pole pole. Kifuniko kikikaa sawasawa juu ya kikombe, wala hakina sumu, dereva atakayekinunua asubuhi atawaambia wenzake jioni, na kesho yake watakuja wawili.