Ustahimilivu si mzigo wa mtu mmoja

Katika miaka hii ya mageuzi ya elimu, sidhani kama kuna neno ambalo mwalimu wa Kenya ameambiwa mara nyingi kuliko 'vumilia'. Aliambiwa avumilie shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2021. Akaambiwa vivyo hivyo mapema mwaka 2023, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walipoanza masomo ya sekondari msingi katika shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara wala walimu wa kutosha.

Mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Naona tumechanganya mambo mawili yasiyolingana. Kuvumilia, jinsi tunavyolitumia neno hilo, ni kunyamaza na kungoja dhiki ipite. Kustahimili ni jambo jingine. Kitenzi hiki kina uhusiano na 'kuhimili', yaani kubeba uzito, na humo ndimo tulimopata 'mhimili', kitu kinachotegemeza kingine. Basi swali la ustahimilivu si nani anyamaze, bali uzito huu unabebwa na nini.

Mafundi wa nyumba za kale za Lamu walilijua jibu. Dari ya mawe haikubebeshwa boriti moja, hata ingekuwa nene vipi. Boriti za mikoko zilipangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Moja ikidhoofika, jirani zake huchukua sehemu ya uzito wake, na mwenye nyumba akapata muda wa kuibadilisha kabla dari haijaporomoka.

Mwaka huo wa 2023 nilizuru shule mbili kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule ya kwanza nilimkuta mwalimu kijana aliyesomea Kiswahili na Historia, naye amekabidhiwa Sayansi Jumuishi. Alikuwa akisoma kitabu usiku na kukikariri asubuhi mbele ya darasa. Hakumwuliza mtu lolote, kwani alichelea kuonekana hafai. Alinieleza kwamba alikuwa akitafuta kazi nyingine.

Katika shule ya pili upungufu ulikuwa ule ule. Lakini kila Ijumaa alasiri walimu wa sekondari msingi waliketi pamoja kwa saa moja. Aliyesomea Fizikia aliwapitisha wenzake katika somo la wiki iliyofuata. Wa lugha akawasaidia kuandika ripoti za tathmini. Mwalimu mkuu alihudhuria, na mara ya kwanza ndiye aliyetangulia kusema, "Hapa sielewi." Baada ya hapo hakuna aliyeona haya kukiri asilolijua. Kisarufi, walikuwa wameihamisha kazi yao hadi kauli ya kutendana: kufundishana, kusahihishana, kupokezana.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Saa moja ya Ijumaa haijengi maabara, wala umoja wa walimu haupaswi kuwa kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake. Wengi wa walimu hao walikuwa wanagenzi, wakilipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kazi ile ile ya mwalimu kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba walitendewa isivyo haki. Mwaka huo huo wakagoma. Mwaka 2025 maelfu yao wakapata ajira ya kudumu. Hawakuipata kwa kunyamaza kila mmoja kivyake, bali kwa kushikamana. Huo nao ni ustahimilivu.

Ndiyo maana nasema nguvu ya mtu binafsi na nguvu ya kundi haziwezi kutenganishwa. Yule mwalimu wa shule ya kwanza hakuwa dhaifu kuliko wenzake wa shule ya pili. Alikuwa peke yake tu.

Wanafunzi nao wana funzo hapa. Anayeficha daftari lake ili awe wa kwanza darasani atajikuta hana wa kumwuliza siku somo litakapomshinda. Walimu wakuu nao wajiulize iwapo katika majilisi yao mtu anaweza kusema "sijui" bila kuchekwa wala kuandikiwa barua.

Na wale walioko wizarani, kabla ya kumwambia mwalimu avumilie tena, waonyeshe kwanza ni sehemu gani ya uzito huo wao wenyewe wameibeba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi mno kumhimiza mwingine aendelee kuubeba.