Nyumba ya Unguja Inakaguliwa Masika



Kila jua la kaskazi likiwaka, madalali wa nyumba wanapata kazi. Kuta zimekauka, rangi mpya, marumaru inang'aa, dari imefunikwa jipsamu. Mnunuzi anazungushwa vyumbani nusu saa, jioni anatoa malipo ya awali. Ndugu zetu walioko Maskati na London hata hiyo nusu saa hawana. Wanatumiwa video kwenye simu, na video haina harufu ya uvundo.

Nasema wazi: huo si ukaguzi. Nyumba ya kisiwa hiki inakaguliwa masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikinyesha au imeacha sasa hivi. Adui mkubwa wa nyumba zetu ni maji, na kaskazi maji hujificha.

Utaniuliza bwana shamba anajua nini kuhusu nyumba. Najua maji yanakokwenda. Ndiyo kazi yangu.

Mji Mkongwe

Kuta za kule ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa tena kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unafungiwa ndani. Mwanzo unapendeza. Baadaye rangi inabambuka, chumvi nyeupe inachomoza, na chokaa ya ndani inalegea. Kwa hiyo dalali akikusifia lipu mpya ya saruji, muulize inaficha nini. Gonga ukuta kwa kidole. Ukilia kama debe tupu, lipu imeshaachana na jiwe.

Kisha tazama juu. Sakafu za ghorofa na paa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti huanza kuoza pale ncha yake inapoingia ukutani, hasa chini ya choo na chini ya mfereji wa paa unaovuja. Omba jipsamu ifunguliwe kidogo kwenye pembe. Chomeka msumari kwenye boriti. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti imekwisha. Muuzaji akikataa kufungua, aga uende zako.

Usidhani natia chumvi. Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Na usijidanganye kwamba utanunua kwanza, utatengeneza upendavyo baadaye. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Matengenezo yanahitaji kibali cha Mamlaka inayousimamia, na fundi anayejua chokaa si yule wa matofali.

Ng'ambo na shamba

Huku soma majani kabla ya marumaru. Majimbi, matete na ndago vikistawi uani bila kumwagiliwa, hapo ni bonde. Huenda palikuwa pa mpunga, na maji ya mvua hayajasahau njia yake. Wakazi wa Mwanakwerekwe na Sebleni hawahitaji kufundishwa hili.

Usitazame ukuta wa muuzaji peke yake, maana umeshapakwa rangi. Tazama wa jirani: mstari wa tope uko kimo gani? Vizingiti vya mtaa mzima vimeinuliwa? Basi kuna sababu. Piga hodi nyumba ya pili, mwamkie bi mkubwa kwa adabu, muulize masika maji yanafika wapi. Atakueleza kwa dakika tano kuliko dalali kwa mwezi. Halafu pima hatua kati ya kisima na shimo la choo. Mvua kubwa ikijaza shimo, maji yake machafu yanaweza kufika kisimani, na kipindupindu tunakijua.

"Nikisubiri, itachukuliwa"

Hili nalisikia sana. Wanaokimbizwa ni watu wenye kiinua mgongo cha miaka thelathini mkononi, fedha ambayo hawataipata tena. Jibu langu: mwenye nyumba nzima haogopi mvua. Andikianeni kwa mwanasheria, sheha akijua: sehemu ya fedha sasa, iliyobaki baada ya masika, na kasoro zikionekana bei inazungumzwa upya. Masika ikiwa mbali, vuli ya Oktoba hadi Desemba nayo inafaa. Nenda na fundi wako mwenyewe, asiwe wa dalali.

Muuzaji akisema huo ni usumbufu, ameshakujibu. Mvua moja kubwa itakuonyesha yale ambayo rangi ya Januari imeficha. Isubiri ukiwa bado na fedha yako mfukoni.